Ijue Lenzi Kabla Hujachagua Fremu

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kati ya Oktoba na Desemba, duka letu la miwani hapa Mtwara mjini hujaa wazee kutoka Nanyamba, Tandahimba na Newala. Karibu kila mmoja, shikamoo yake ikishaitikiwa, huenda moja kwa moja kwenye ukuta wa fremu. Anavaa hii, anavua, anajaribu ile, mjukuu anashika kioo, shangazi anatoa maoni. Fremu ikishapatikana ndipo fundi anaulizwa, tena kwa haraka, "Haya, na vioo vyake je?" Fundi huyo ni mimi. Nimekata lenzi kwa miaka 11, na mwongozo huu nauandika kwa sababu swali hilo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza. Fremu kazi yake ni kuishika lenzi mbele ya mboni, basi. Ukikosea lenzi, fremu nzuri itaishia sandukuni.

Hatua ya kwanza: pima umbali wa kazi yako

Hatua hii unaifanya nyumbani, haina gharama, na ndiyo inayorukwa na wengi. Chukua utepe wa fundi cherehani, au hata uzi. Kaa vile unavyokaa ukiwa kazini, si vile unavyokaa mbele ya wageni. Mwenzio aweke ncha moja usawa wa jicho lako, nyingine aifikishe pale mikono inapofanya kazi. Andika sentimita.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza. Alikuja mama mmoja anayebangua korosho. Alikuwa na miwani ya kusomea aliyoinunua barabarani, namba +3.50. Akisoma msahafu anaona vizuri, akibangua kila kitu kinakuwa ukungu, na kichwa kinamuuma mpaka jioni. Nikampa kigoda akae kama yuko kazini, nikapima kutoka jichoni hadi vidoleni: sentimita 45. Hapo tatizo likajionyesha. Ukigawanya 100 kwa 3.5 unapata karibu 29. Yaani miwani ile ilikuwa inamwekea picha safi kwenye sentimita 29, chini kidogo ya kidevu. Msahafu anaweza kuusogeza. Korosho hawezi, tena hafai kuisogelea, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi. Alihitaji namba ndogo zaidi, na siku zote alikuwa akidhani anahitaji kubwa zaidi.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Gawanya 100 kwa sentimita ulizopima, unapata nguvu ya lenzi kwa kipimo kinachoitwa dayopta. Fundi cherehani anayeinamia sindano kwa sentimita 33 yuko kwenye 3.00. Anayesoma simu kwa sentimita 40 yuko kwenye 2.50. Mchonga vinyago anayenyoosha mkono kidogo, sentimita 50, yuko kwenye 2.00.

Lakini usiichukue namba hiyo ukaenda kununua. Jicho la kijana lina uwezo wa kujiongezea nguvu lenyewe linapotazama karibu. Kuanzia miaka 40 hivi uwezo huo unapungua kiasi cha mtu kuanza kuuhisi, na ukifika miaka 60 umebaki kidogo sana. Mpimaji hujazia pale palipopungua, na hukuongezea au kukupunguzia kulingana na jicho lako linavyoona mbali. Kazi yako wewe ni kumpelekea umbali sahihi.

Kuhusu maneno ya mitaani kwamba ukianza kuvaa miwani macho "yanazoea" na kuharibika zaidi: si kweli. Namba inaongezeka kwa sababu umri unaongezeka, uvae usivae. Na kuna ushahidi wa faida yake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Nusu walipewa miwani ya kuonea karibu, nusu wakasubiri. Tija ya waliopewa ilipanda kuwazidi wenzao kwa karibu asilimia 22. Ukikaa na wanawake wanaobangua korosho, ambako kokwa nzima ina bei na iliyovunjika inashuka daraja, hushangai.

Hatua ya pili: kapimwe, urudi na karatasi

Kabla hujaenda, fanya jaribio dogo. Toboa kadi ngumu kwa sindano nene, tundu la kama milimita moja. Funika jicho moja, kisha kwa lile jingine tazama maandishi ya mbali kupitia tundu. Yakisafika, kuna matumaini makubwa kuwa lenzi itakusaidia. Yakibaki vilevile, huenda shida si ya miwani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, glakoma, au tatizo la nyuma ya jicho, na hayo ni ya daktari wa macho. Kadi hiyo si kipimo cha hospitali, ila inakusaidia kujua uanzie wapi.

Mtwara mjini unaweza kuanzia Ligula, Lindi unaweza kuanzia Sokoine, zote hospitali za rufaa za mkoa. Ukipimwa dukani, uliza kama anayekupima amesomea optometria, yaani taaluma ya kupima macho, na amesajiliwa. Aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Nenda na miwani yako ya zamani hata kama imevunjika, na ile karatasi ya sentimita.

Mwenye kisukari anisikilize vizuri. Sukari ikipanda au kuyumba, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho inabadilika, na namba ya miwani inayumba nayo. Ukipimwa wiki ambayo sukari imepanda, ikija kutulia utajikuta na miwani isiyokufaa ilhali pesa imeshakwenda. Mwambie mpimaji, na kama sukari haijatulia, subiri.

Jicho likipoteza nuru ghafla, likiuma na kuwa jekundu, au ukiona vimulimuli na kitu kama pazia kinashuka, usije dukani kwangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukimaliza kupimwa, omba karatasi ya vipimo uondoke nayo. Macho ni yako na vipimo ni vyako, ununue miwani hapo au pengine.

Hatua ya tatu: isome karatasi

Chukulia karatasi inasema hivi:

Kulia (R au OD): SPH +1.00, CYL -0.75, AXIS 90
Kushoto (L au OS): SPH +1.25
ADD +2.00, PD 62

SPH ndiyo namba kuu, hiyo watu wanayoulizana, "Wewe namba ngapi?" Alama ya kujumlisha ni lenzi nene katikati na nyembamba pembeni. Alama ya kutoa ni kinyume chake, nyembamba katikati na nene pembeni, nayo huwasaidia wale ambao mbali hawaoni. Namba hupanda kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Angalia nukta na angalia alama. Nimeshaletewa karatasi yenye alama ya kutoa iliyochorwa kivivu hadi ikafanana na mkwaruzo wa kalamu, ikabidi mteja arudi alikopimwa.

CYL na AXIS huenda pamoja. Jicho lingekuwa duara safi kama chungwa, usingeziona. Jicho la wengi limebanwa kidogo kama limau, kwa hiyo mwanga wa upande mmoja hautui pamoja na wa upande mwingine. CYL, tunayoiita silinda, ni nguvu ya kurekebisha hilo. AXIS ni mwelekeo wake, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. Lenzi ya silinda ikizungushwa kidogo tu kwenye fremu, hata ikiwa na nguvu sahihi, inakuchosha. Ndiyo maana fremu ya duara isiyobana sawasawa ni hatari kwa mwenye silinda kubwa: lenzi inazunguka yenyewe.

ADD ni nyongeza ya kuonea karibu. Ijumlishe na SPH. Jicho la kulia hapo juu, kusomea kwake ni +3.00. Hapa pia utaelewa kwa nini baadhi ya wazee huvua miwani ili wasome: mwenye -2.00 na ADD +2.00, jumla yake ni sifuri. Hajajifunza ujanja wowote, jicho lake limeshajitosheleza kwa karibu.

PD ni umbali kati ya mboni na mboni, kwa milimita. Watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74. Kama haijaandikwa, omba iandikwe. Nitarudi kwenye namba hii chini, kwa sababu ilimtesa mtu ninayempenda.

Hatua ya nne: chagua muundo wa lenzi

Lenzi ya umbali mmoja ina namba ileile juu hadi chini. Ya kuonea mbali ni mbali tu, ya karibu ni karibu tu. Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni na stendi imo kundi hili, ila ina namba sawa pande zote mbili na haina silinda. Siikatazi. Kama macho yako yanalingana na shida ni ya karibu pekee, inaweza kukutosha miaka mingi. Kosa ni kuchagua ile inayokuza herufi zaidi. Jaribu kwa kushika kitu kwenye umbali ulioupima nyumbani, na chukua namba ndogo kabisa inayokupa picha safi.

Bifokali ina dirisha dogo chini, mara nyingi lenye umbo la herufi D iliyolala. Juu unaona mbali, dirishani unasoma. Si jambo jipya: Benjamin Franklin wa Marekani aliandika kuhusu miwani yake ya aina hii miaka ya 1780. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayesoma mzani, kisha anaandika kwenye daftari, kisha anamtazama mkulima, bifokali inamfaa sana. Mstari wa juu wa dirisha unapaswa kukaa usawa wa ukingo wa kope ya chini. Ukikaa juu zaidi, utatembea ukiwa umeinamisha kichwa kama unayetafuta sarafu. Ukishuka mno, utasoma umeinua kidevu hadi shingo iume.

Tatizo la bifokali liko miguuni. Ukitazama chini unatazama kupitia dirisha la kusomea, na ardhi iliyo mita moja na nusu kutoka jichoni inakuwa ukungu. Wiki za mwanzo, ukishuka ngazi au ukiteremka kwenye kivuko cha Msangamkuu, inamisha kichwa chote ili upite juu ya dirisha. Mkwezi wa nazi asipande mnazi na bifokali. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu anachohitaji kukiona akiwa kule juu ni pale unyayo unapokanyaga, na hapo ndipo dirisha linapomdanganya. Fundi umeme naye anafanya kazi ya karibu akitazama dari. Dirisha la chini halimsaidii kitu, huyo atengenezewe miwani ya peke yake kwa umbali wa mkono wake.

Progresivu haina mstari. Nguvu inaongezeka polepole kutoka juu kwenda chini: mbali, kati, karibu. Muundo huu uliingia sokoni Ufaransa mwaka 1959 kwa jina la Varilux, na leo unatengenezwa na viwanda vingi. Uzuri wake ni ule umbali wa kati ambao bifokali haina. Ugumu wake ni kwamba eneo safi ni jembamba, na pembeni chini kuna ukungu usiokwepeka, uwe umenunua ya bei gani. Aliyewahi kuingia bandari ya Mtwara kwa chombo ataelewa: mkondo upo na unapitika vizuri, lakini lazima uufuate. Kwa progresivu unageuza kichwa kuelekea unachotaka kukisoma, hupepesi macho pembeni. Wape ubongo na macho wiki mbili kabla hujakata tamaa.

Lenzi hii inataka vipimo vingine dukani. Ukiwa umeivaa fremu yenyewe, fundi aweke nukta mbele ya kila mboni na apime kutoka nukta hiyo hadi ukingo wa chini. Kwa miundo mingi isipungue milimita 18, vinginevyo sehemu ya kusomea inakatwa na kutupwa pamoja na taka za lenzi. Asiyekuwekea nukta usoni, usimwachie pesa ya progresivu.

Na ukitaka kujua kama uliyopewa ni progresivu kweli, ipumulie hadi ipate mvuke, kisha uitazame kwa kuinamisha kwenye mwanga. Utaona vialama viwili hafifu vilivyochongwa, milimita 34 kutoka kimoja hadi kingine, na chini ya kile cha upande wa sikio kuna namba ya ADD. 20 maana yake +2.00.

Maoni yangu, na wapo mafundi wasiokubaliana nami: mzee ambaye siku yake ni shamba, msikiti au kanisa, na kusoma kidogo jioni, miwani miwili ya umbali mmoja iliyopimwa vizuri inamfaa kuliko progresivu moja iliyopimwa ovyo. Progresivu ni ya mtu anayebadilisha umbali mara mia kwa siku, kama mwalimu, muuza duka au muuguzi.

Hatua ya tano: chagua malighafi

Watu wanaita "kioo", lakini nyingi siku hizi ni plastiki. Kioo chenyewe hakikwaruziki kirahisi, ila ujazo uleule una karibu mara mbili ya uzito wa plastiki, na kikivunjika ni vipande vya kioo mbele ya jicho. Mimi sikikati tena kwa mtoto wala kwa dereva wa bodaboda.

Plastiki ya kawaida inaitwa CR-39. Inaonyesha vizuri na bei yake inavumilika. Kwa namba hadi 3.00 hivi, jumlisha au toa, inatosha. Polikaboneti ni nyepesi zaidi na inastahimili kishindo. Kwa mtoto, kwa fundi wa kuchomelea na kusaga vyuma, kwa anayeona kwa jicho moja tu, hiyo ndiyo nitakayokushauri hata kama umekuja na wazo jingine. Udhaifu wake ni kwamba inakwaruzika upesi isipopakwa tabaka gumu.

Namba ikizidi 4.00, utaanza kusikia "1.60", "1.67", "1.74". Namba hizo zinaonyesha uwezo wa malighafi kupinda mwanga; CR-39 ni 1.50. Ikipanda, lenzi inakuwa nyembamba, na bei inapanda nayo. Kabla hujalipia wembamba, jaribu fremu ndogo. Mwenye -6.00 akichagua fremu pana, ukingo wa pembeni unakuwa mnene kama kifuniko cha chupa. Akichagua ndogo ambayo mboni inakaa katikati yake, sehemu nene inabaki benchi kwangu. Ni punguzo la bure.

Hatua ya sita: tabaka

Tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo, lichukue kila wakati. Mchanga wa pwani hauna huruma.

Tabaka la kuzuia mng'ao lina maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Lenzi tupu ya CR-39 inarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaoifikia, na namba kubwa za malighafi zinarudisha zaidi. Usiku, taa za gari linalokuja kwenye barabara ya Mtwara kwenda Lindi zinaacha vivuli vya mwanga ndani ya lenzi kama hiyo. Kulithibitisha ni rahisi: inamisha lenzi chini ya taa. Mng'ao ukiwa mweupe kama wa kioo cha dirisha, tabaka halipo. Ukiwa hafifu wa kijani au zambarau, lipo.

Kuhusu lenzi za kuzuia mwanga wa buluu, nitasema wazi ingawa na sisi tunaziuza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, hayakuona kuwa zinapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta kwa muda mfupi. Ile tochi ndogo ya zambarau ambayo muuzaji anaimulika ipite lenzi moja na izuiwe na nyingine inathibitisha kuwa lenzi inazuia mwanga wa ile tochi tu. Macho yakichoka na simu, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Halafu pepesa macho. Tukikodolea skrini tunasahau kupepesa.

Hatua ya saba: jua na maji

Weusi wa miwani si kinga. Kinga dhidi ya miali ya urujuanimno (UV) haionekani kwa macho. Lenzi nyeupe kabisa inaweza kuwa nayo, na nyeusi tii inaweza kuikosa. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi kuliko kutovaa kitu, kwa sababu gizani mboni inafunguka na kuipokea miali mingi zaidi. Tafuta maandishi UV400, kisha duka lenye kifaa cha kupimia likuthibitishie. Weusi wenyewe una madaraja 0 hadi 4. Daraja la 3 linatosha jua letu, na la 4 haliruhusiwi kuendeshea gari.

Lenzi zinazobadilika rangi juani, fotokromiki, zina mambo mawili ya kujua hapa kwetu. Zinageuka kwa miali ya urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari kinaizuia, kwa hiyo dereva wa basi atalalamika haziwi nyeusi ilhali bodaboda anazifurahia. Na joto linazipunguza nguvu: adhuhuri ya Mtwara hazitakuwa nyeusi kama zinavyokuwa kwenye baridi. Si bandia, ndivyo zilivyo.

Kwa mvuvi, na kwa wanaovuna chumvi kwenye mashamba meupe ya Lindi, kuna lenzi za polaraizi. Mwanga ukigonga maji na kurudi, unakuwa umelala upande mmoja. Lenzi hii inaukata mwanga huo uliolala na kuuacha mwingine upite. Unaona chini ya uso wa maji: jiwe, kamba ya nyavu, na siku ya bamvua unaliona tundu la pweza kabla hujalifikia. Kuijaribu, shika miwani mbele ya skrini ya simu na uizungushe polepole. Ya kweli, kwenye skrini nyingi itafika pembe inayotia giza. Au chukua mbili, ziweke moja juu ya nyingine na uzungushe moja robo mzunguko: zikiwa za kweli, mwanga unakatika.

Kwa anayepuliza salfa kwenye mikorosho, miwani ya kawaida haizuii vumbi lile, iwe na lenzi gani. Vaa miwani ya kinga iliyozibwa pande zote. Salfa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, bila kusugua.

Hatua ya nane: ikague kabla hujaondoka nayo

Baba yangu alinunua miwani yake ya kwanza kwa pesa za msimu, kwenye duka ambalo halipo tena, kabla mimi sijaijua kazi hii. Namba sahihi, +3.00 kila jicho. Fremu ya rangi ya dhahabu, aliipenda. Kila akiivaa dakika kumi anaivua na kushika paji la uso. Tukamwambia, "Baba, utazoea." Hakuzoea. Akaifunga kwenye leso, akaiweka sandukuni, na kwa miaka mitatu akawa anasomewa risiti za mzani na watu wengine, yeye mtu aliyesoma.

Nilipoanza kujifunza benchi, niliikumbuka na nikaenda kuitafuta. Nilichora msalaba kwenye karatasi, nikaishika lenzi juu yake na kuisogeza mpaka mistari inayoonekana ndani ya lenzi ikaungana na ile ya nje bila kukatika. Hapo palipokutana mistari ndipo kiini cha lenzi. Nikaweka nukta kwa kalamu ya wino. Nikafanya hivyo lenzi ya pili. Nikapima nukta hadi nukta: milimita 70. Baba PD yake ni 62. Milimita 8 zilikuwa zinayalazimisha macho yake kuvutika ndani kila sekunde anayosoma. Nilikata lenzi mbili mpya, namba ileile +3.00, nikaziweka kwenye fremu ileile ya dhahabu, viini vikiwa mahali pake. Aliivaa akasoma Kurasa mbili za msahafu bila kunyanyua kichwa, kisha akauliza tu kwa nini kule hawakupima.

Kwa hiyo, dukani, chukua karatasi na kalamu, fanya hivyohivyo. Kwa lenzi ya umbali mmoja isiyo na silinda ni kazi ya dakika mbili; viini vya miwani ya kuonea mbali vikae karibu sana na PD iliyoandikwa, na vya kusomea huwekwa milimita 2 au 3 ndani zaidi, kwa sababu macho yakisoma hukaribiana. Namba ikiwa kubwa, usikubali kupishana zaidi ya hapo.

Halafu angalia alama. Shika miwani karibu kidogo na uso, tazama nondo ya dirisha kupitia lenzi moja, na uisogeze kulia na kushoto. Nondo ikisogea upande uleule wa mkono, ni lenzi ya kutoa. Ikienda kinyume na mkono, ni ya kujumlisha. Sasa izungushe lenzi kama usukani: nondo ikijipinda na kukatika, kuna silinda, ikitulia wima, hakuna. Linganisha na karatasi, jicho kwa jicho, kwa sababu kulia na kushoto hubadilishwa kuliko unavyodhani.

Mwisho ivae, tembea hadi barabarani, tazama kibao cha mbali, rudi, shika kitu kwenye zile sentimita zako. Kizunguzungu kidogo siku mbili tatu ni kawaida kwa namba mpya. Maumivu ya kichwa yasiyoisha baada ya wiki moja, au mbili kwa progresivu, si ya kuvumilia. Rudi na miwani pamoja na karatasi.

Kutunza: usipanguse kwa khanga ikiwa kavu, maana unasugua chumvi na mchanga kwenye tabaka. Imwagie kwanza maji ya bomba, weka sabuni ya maji kidogo kwa vidole, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Maji ya bahari yakiirukia, isuuze kabla hayajakauka. Usiiache juu ya dashibodi. Joto linalipasua tabaka hadi lenzi ifanane na tope lililokauka, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha.